Mjadala wa kwotabeki wa Chicago Bears

Ubishi wa miaka mingi miongoni mwa mashabiki wa Chicago Bears, timu ya futiboli ya Kimarekani iliyoanzishwa 1920, kuhusu kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Bears ilitwaa Super Bowl, yaani taji la ubingwa wa ligi, Januari 1986 kwa kuichapa New England Patriots 46–10, lakini sifa kubwa ilikwenda kwa ulinzi wake. Hadi msimu wa 2024 ulipomalizika, hakuna kwotabeki wake aliyewahi kufikisha yadi 4,000 za pasi katika msimu mmoja. Kinachouma zaidi ni uteuzi wa wachezaji wapya wa 2017: Bears ilimchukua kwotabeki Mitchell Trubisky, ikamwacha mwenzake Patrick Mahomes, ambaye baadaye aliipa Kansas City Chiefs mataji matatu ya Super Bowl. Mashabiki wengine, badala ya uteuzi huo, huwalaumu makocha.