Gumboro: Kuku Kachanjwa, Mbona Kafa?

Nilikuwa Mikinduri, kule Meru, kwa shemeji yangu mfugaji. Asubuhi akanipeleka bandani. Vifaranga wa wiki nne walikuwa wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, wanahara maji meupe. Katika 200, alikuwa ameshafukia 47.

"Na niliwachanja, shemeji!" akaniapia.

Daktari wa mifugo alimpasua mmoja. Nyama ya paja ilikuwa na madoa ya damu, na kifuko kilichoko juu ya kinyeo kimevimba. Ni Gumboro, akasema. Jina hilo ni la mahali huko Delaware, Marekani, na ugonjwa wenyewe ulielezwa kitaalamu mwaka 1962. Huwapiga zaidi vifaranga wa wiki 3 hadi 6. Binadamu haumpati.

Kile kifuko ndicho ninachotaka msomaji akijue. Humo ndimo chembe za kinga ya kuku hukomalia, na virusi hivi huziua. Kwa hivyo hata aliyepona hubaki hana ngao: ukimchanja kideri, chanjo huenda isishike. Dawa ya kutibu hakuna. Waliokufa ni mizoga, hilo halina mjadala. Wafukie mbali na banda.

Sasa chanjo ya shemeji ilikosea wapi? Aliibeba mfukoni, juu ya bodaboda, bila barafu, kisha akaichanganya na maji ya mfereji. Chanjo hii ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na klorini huiua. Ikiwa imeharibika Mikinduri kwenye ubaridi, sisi wa Mombasa na joto hili je?

Tumia maji safi ya kisima au ya mvua, utie maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 hivi kwa lita. Wanyime vifaranga maji kwa saa moja au mbili kwanza, ili chanjo waimalize ndani ya saa mbili. Usiwahi mno: kinga waliyorithi kwa mama huizima chanjo. Wengi huanza wiki ya pili na kurudia baadaye, lakini siku hasa zifuate karatasi ya chanjo yenyewe.

Virusi hukaa bandani kwa miezi. Shemeji ametoa matandiko yote, amesugua, ameliacha tupu. Ameniagiza kikasha cha barafu kutoka Mombasa.