Kofia ya Chuma ya Mwindo

Wengi wetu tukiona picha ya askari wa farasi wa Ulaya ya zamani, amefunikwa chuma toka kichwani mpaka miguuni, tunadhani kitu cha namna ile hakikufikiriwa kamwe huku kwetu. Siye tunasema hapana. Katika Kivu Kaskazini kuko kofia ya chuma, tena imetajwa katika hadithi kubwa ya Wanyanga wa Walikale, ile ya Mwindo. Katika kurasa hizi tunapenda kueleza kofia hiyo ni ipi, mfua chuma wa leo angeitengeneza namna gani kwa mikono, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wakaaji wa Goma.

Hadithi ilivyotufikia

Mwaka 1956, mzee Candi Rureke aliimba na kusimulia hadithi ya Mwindo kwa muda wa siku 12. Waliofanya kazi ya kuiandika ni Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyechunguza mila za mashariki ya Kongo, na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe na mtaalamu wa lugha. Kitabu chao kilitoka mwaka 1969 huko California, Marekani, kwa Kinyanga na kwa Kiingereza. Ndugu msomaji, tazama vizuri: siku 12! Mwimbaji anaimba, anacheza, anaigiza, na watu wanamwitikia. Haikuwa hadithi ya kusomewa watoto dakika kumi kabla ya kulala.

Kwa kifupi hadithi ni hii. Shemwindo, mkubwa wa Tubondo, aliwakataza wake zake kuzaa mtoto mwanaume. Mke wake mpendwa akamzaa Mwindo. Baba akamrushia mkuki, akashindwa. Akamzika mzima, akashindwa. Mwishowe akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mtoto hakufa. Alikwenda mpaka kwa shangazi yake Iyangura, na baadaye akafika kwa wajomba zake. Hao wajomba ni popo, na kazi yao ni kufua chuma.

Wajomba ndio waliomvalisha Mwindo viatu vya chuma, suruali ya chuma, shati ya chuma, na kichwani kofia ya chuma. Maana yake ilikuwa wazi: mikuki ya watu wa baba igonge chuma, isifike mwilini. Baba anatupa mkuki, mjomba anatoa kofia. Mtu wa kwetu anaelewa hapo bila kuelezwa sana. Ukikosana na nyumba ya baba, kwa mama hawakufungii mlango.

Kwa nini wazee wetu hawakuivaa

Kiswahili kina jina la kofia ya vita: chapeo. Neno hili lilitoka kwa Wareno, na wengi wetu tunalijua kwa sababu ya Biblia, katika barua kwa Waefeso na katika habari ya Goliati. Lakini kuwa na neno si kuwa na desturi. Hapa kwetu mpiganaji alibeba mkuki na ngao, si chapeo. Sababu zake zinaeleweka.

Ya kwanza ni thamani ya chuma. Nchi za Maziwa Makuu zimeyeyusha chuma kwa zaidi ya miaka 2,000, lakini kwa jasho jingi. Ilibidi kuchimba mawe yenye chuma, kukata miti na kuchoma makaa, kujenga tanuru ya udongo, na kupuliza mivukuto saa nyingi bila kupumzika. Bonge lililotoka lilikuwa bado na takataka, likapigwa tena na tena motoni mpaka lisafike. Chuma hicho kidogo kilihitajika kwa jembe, kisu, shoka na mkuki. Nani angekimaliza juu ya kichwa cha mtu mmoja?

Ya pili ni namna ya kupigana. Mzigo mzito wa chuma unamfaa mtu aliyepanda farasi. Katika msitu wa Walikale hakuna farasi, kuna njia za miguu, matope, mito na mvua. Mtu alishinda kwa wepesi wake. Kwa hiyo kusikia kwamba Mwindo alivaa chuma mwili mzima na bado akatembea, hilo lilikuwa ajabu la kuwafanya wasikilizaji wapige makofi. Wajomba walimpa utajiri wa kijiji kizima.

Wenzetu wa Ulaya

Ulaya nako kofia ya chuma haikubaki ya vita tu. Wakuu walikuwa na mchezo: wawili wanapanda farasi, wanakimbiliana kila mmoja na mkuki mrefu wa mti, anayeangusha mwenzake au kuvunja mkuki juu yake anasifiwa. Katika karne ya 15 walifua kofia ya mchezo huo peke yake. Ilikuwa nzito, nyingine kama kilo 8 au 10, ikafungwa kwa nguvu kwenye chuma cha kifua ili shingo isivunjike. Tundu la macho lilikuwa ufa mwembamba. Mchezaji aliinama mbele ili aone, na kabla ya kugongana aliinua kichwa, akabaki haoni kitu.

Hata hivyo mchezo uliua. Tarehe 30 Juni 1559, huko Paris, mfalme Henri wa Pili wa Ufaransa alicheza akiwa amevaa kofia yenye mlango mbele ya uso. Mkuki wa mwenzake ulivunjika, vipande vikapita tunduni na kumwingia juu ya jicho. Alikufa tarehe 10 Julai. Kofia ni nzuri kadiri ya tundu lake.

Kuitengeneza leo

Ulaya na Marekani kuko mafundi wanaofua tena kofia hizo kwa mikono, wakifuata zile za zamani. Je, hapa Goma inawezekana? Tunasema ndiyo, maana kazi yenyewe si ngeni. Mafundi wetu wanaokata mapipa na kutengeneza mbabula na sufuria tayari wanajua nusu yake.

Njia rahisi ni ya vipande, kama zilivyofanywa kofia nyingi za karne ya 13. Kwanza unapima kichwa, unaongeza nafasi ya vidole viwili pande zote. Unakata mfano kwa karatasi ngumu, ndipo unachora juu ya bati nene. Vipande vitano vinatosha: viwili vya mbele, viwili vya nyuma, na kimoja cha utosi. Unavikunja juu ya gogo lililochimbwa, ukipiga kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, polepole, toka pembeni kuelekea katikati. Chuma kikipigwa sana kinakuwa kigumu na kupasuka, kwa hiyo lazima ukirudishe motoni mpaka kiwe chekundu, ukiache kipoe chenyewe. Halafu unatoboa matundu na kuunganisha kwa misumari ya kugongwa pande mbili.

Ndani unashona kitambaa kinene kilichojaa pamba. Fundi asiyeweka pamba hajatengeneza kofia, ametengeneza kengele, na kichwa cha mvaaji ndicho kitakacholia.

Bati la pipa la mafuta ni jembamba, lina milimita moja tu au zaidi kidogo. Linafaa kwa maigizo na ngoma, halifai kabisa kwa mapigano ya kweli. Tena pipa lililokuwa na petroli lisikatwe kwa moto wala kwa mashine ya kutoa cheche kabla ya kusafishwa vizuri, linaweza kulipuka.

Kinachotuhusu

Tangu 1993, vita vilipoanza Ntoto katika Walikale, watu wamehama na kuhama tena. Mzee akihama anaacha shamba, na mfua chuma anaacha tanuru lake. Mwimbaji naye anakosa zile siku 12 na wale watu wa kumwitikia. Vijana wetu wengi waliozaliwa mjini wanajua chuma cha bunduki kuliko chuma cha jembe.

Ndiyo maana tunashauri vikundi vya maigizo na shule zichukue hadithi hii, na mafundi wa bati watengeneze mavazi ya Mwindo. Lakini tusiishie kwenye kofia. Katika hadithi si chuma kilichoangusha Tubondo. Mwindo alimwita Nkuba, radi, ndiye aliyepiga. Kisha akamfuata baba yake mpaka chini ya ardhi, si kumwua bali kumrudisha nyumbani. Baba akakiri makosa yake mbele ya watu, wakapatana, na utawala ukagawanywa kati yao. Baadaye Mwindo mwenyewe, kwa sababu ya kiburi chake, alichukuliwa na Nkuba juu mbinguni mwaka mzima, akateswa na mvua, jua na mwezi mpaka akajifunza adabu. Akarudi na sheria za kuwaongoza watu wake.

Kwa hiyo atakayeonyesha Mwindo akivaa chuma na kufunga pazia hapo, amekata hadithi mahali pabaya. Aendelee mpaka pale baba na mtoto wanapoketi pamoja. Na kama kwenu nyumbani kuko bado mzee anayejua kuiimba kwa Kinyanga, mketini karibu naye, muandike.