Kamba Wekundu wa Bahari Kuu

Ukiwatazama juujuu, utadhani kamba hawa wawili, Sergestes na Acanthephyra, ni ndugu wa tumbo moja: wote wekundu, na mchana wote huogelea mamia ya mita chini ya uso wa bahari. Rangi isikudanganye. Mwanga mwekundu haufiki kwenye kina hicho, kwa hiyo mnyama mwekundu huonekana mweusi na kupotea gizani. Wekundu ni vazi la kilindini, si alama ya ukoo.

Nasaba yao isome kwenye matamvua na mayai. Sergestes ana matamvua yenye matawi kama mti, na mayai yake huyaachia majini. Ni jamaa wa kambamiti tunayemla pwani. Acanthephyra hubeba mayai chini ya tumbo.

Nuru nayo ni ushahidi, tena mzuri mno. Acanthephyra akishambuliwa hutema wingu linalong'aa. Sergestes humulika kwa viungo vilivyotokana na tezi ya mmeng'enyo, akifuta kivuli chake kwa adui aliye chini.

Hata ndani ya Sergestes nasaba ilihitaji kupangwa upya: mwaka 2008 wanasayansi Judkins na Kensley waliigawa jenasi hiyo, iliyokuwa imekusanya spishi nyingi, katika jenasi kadhaa.