Mionzi ya Usuli

Washa kipimo cha mionzi popote katika ukanda wa ziwa, kuanzia Usenge hadi Muhuru, nacho kitaanza kuhesabu kabla hujakisogeza karibu na kitu chochote. Hesabu hiyo ya mwanzo ndiyo mionzi ya usuli. Sehemu yake hushuka kutoka anga za juu, nyingine hutoka kwenye udongo, mawe na kuta za nyumba, na kiasi kidogo hutoka mwilini mwetu, kwa kuwa potasiamu tunayoipata kwenye samaki na ndizi huja na chembe za potasiamu-40.

Vitabu vya fizikia hutumia neno mnururisho, lililotungwa kutokana na nuru. Hospitalini na redioni watu husema mionzi, na kwa kuwa hilo ndilo lililoshika, nalifuata. Ugumu uko kwenye neno linalofuata. Wengi huandika mionzi ya asili, na hawajakosea, ila masikioni mwetu neno asili siku hizi hubeba sifa: dawa za asili, mboga za asili, mbegu za asili. Mwenye nyumba akiambiwa kuwa mionzi ya ukuta wake ni ya asili, atajua ameambiwa asiwe na wasiwasi. Usuli halisifu wala halitishi. Mwanachuo analifahamu kutokana na sura ya kwanza ya tasnifu, kwenye usuli wa utafiti: hali iliyokuwapo kabla ya jambo kuanza. Na dhana yenyewe haidai zaidi ya hapo.

Wastani wa dunia wa usuli umekuwa ukikadiriwa kuwa milisiveti 2.4 kwa mtu kwa mwaka, na karibu nusu yake huletwa na gesi ya radoni tunayoivuta ndani ya nyumba. Lakini hakuna anayeishi kwenye wastani wa dunia. Watu huishi juu ya miamba, na miamba ya Nyanza haifanani. Uwanda wa Kano ni udongo uliobebwa na mito. Maseno na Seme, kule kwenye majabali ya Kit Mikayi, ni matale, jiwe ambalo kwa kawaida huwa na urani, thori na potasiamu nyingi kuliko miamba mingine mingi.

Ng'ambo ya Ghuba ya Winam mambo hubadilika kabisa. Mlima Homa na vilima vya Ruri ni mabaki ya volkano za aina adimu, ambazo uji wake wa moto ulijaa kaboneti badala ya silika. Uji wa namna hiyo hukusanya thori. Mwaka 2012 watafiti wa Kenya walichapisha vipimo vyao vya Lambwe Mashariki, katika Kaunti ya Homa Bay, wakaliita eneo la usuli wa juu. Wastani wa thori kwenye sampuli zao ulipita bekereli 1,000 kwa kilo, ilhali udongo wa kawaida duniani huwa na kati ya 30 na 45. Lambwe basi iko kundi moja na Kilima cha Mrima kule Kwale, Guarapari ya Brazil na pwani ya Kerala, India.

Sasa tazama nyumba inavyojengwa Lambwe. Udongo huchimbwa palepale uani, hukandwa kwa miguu, hukandikwa kwenye fito. Thori iliyokuwa chini ya nyayo sasa imesimama pande zote nne. Humo ukutani huzaliwa thoroni, nduguye radoni, gesi ambayo nusu yake huisha kila sekunde 56. Kwa umri mfupi hivyo haifiki mbali, hujaa zaidi karibu na ukuta, pale hasa kitanda kinapoegemezwa. Lipu ya mchanga ulioletwa kutoka kwingine huipunguza, maana nyingi huisha kabla ya kupenya. Mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa nao husaidia kuitoa nje, na inasikitisha kuuona ukizibwa nyumba zinapoboreshwa bila dirisha kuongezwa.

Sisemi watu wa Lambwe wahame. Uchunguzi wa Kerala uliochapishwa mwaka 2009 haukukuta ongezeko la saratani lililotokana na mionzi ya ardhi ile. Radoni ya ndani ya nyumba ni suala jingine: inajulikana kusababisha saratani ya mapafu, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli 100 kwa kila mita ya ujazo.

Neno usuli lina kazi kubwa zaidi Siaya. Baada ya wakazi wa Uyombo, Kilifi, kukataa kinu cha nyuklia, macho ya serikali yamegeukia ufuo wa Siaya, na Lwanda Kotieno ni miongoni mwa sehemu zinazotajwa. Ukipanda feri pale unashukia Mbita, mlango wa kuingilia Lambwe. Kinu kikijengwa, kila namba itakayosomwa baadaye itahitaji kulinganishwa na usuli, na usuli haupimwi kwa kurudi nyuma. Udongo, samaki, maji ya ziwa na kuta za nyumba za pande zote mbili za ghuba vinapaswa kupimwa sasa, na majibu yapelekwe barazani kwa Dholuo na Kiswahili kabla ya msingi kuchimbwa. Sheria ya mwaka 2019 iliunda mamlaka ya kudhibiti nyuklia nchini Kenya, na hapo ndipo wakazi wa Siaya na Homa Bay wanaweza kuyadai majibu hayo.