Kiwambo: Tabaka Linaloamua Ubora wa Glavu ya Baridi

Mwanamke anayeendesha pikipiki Glasgow au Manchester mwezi Januari hapati theluji kila wiki, lakini mvua ya nyuzijoto 4 au 5 ataipata. Mvua hiyo humfikia ikiwa na upepo wa mwendo wake mwenyewe. Kwa kanuni ya kukokotoa baridi ya upepo inayotumika Kanada na Marekani tangu mwaka 2001, hewa ya nyuzi 5, mtu akienda kilomita 80 kwa saa, hupoza ngozi iliyo wazi kana kwamba ni nyuzi 3 chini ya sifuri. Vidole vikishakufa ganzi, mkono huchelewa kushika breki na klachi. Kwa hiyo glavu ni kifaa cha usalama kabla ya kuwa vazi, na kinachoamua kama itafanya kazi kwenye mvua ni tabaka ambalo mnunuzi halioni. Watengenezaji huliita membreni. Mimi nashauri tuliite kiwambo.

Tuanze na muundo wenyewe. Glavu ya pikipiki ya majira ya baridi kwa kawaida ina matabaka manne. La nje ni ganda, la ngozi au kitambaa kigumu, lenye kazi ya kuhimili msuguano wa lami mtu akianguka. La ndani kabisa, linalogusa mkono, ni bitana. Katikati kuna nyuzi za kuhifadhi joto, na kuna kiwambo, chembamba kama karatasi, kinachozuia maji yasiingie huku kikiruhusu mvuke wa jasho utoke.

Uwezo huo wa kufanya mambo mawili kwa pamoja haukupatikana upesi. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kitambaa chenye mpira katikati ya nguo mbili. Maji hayakupita, na jasho nalo halikupita, hivyo mvaaji alilowa kutoka ndani. Njia nyingine ilionekana Marekani mwaka 1969. Robert Gore alikuwa akipasha moto vijiti vya PTFE, plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha chakula, na kuvivuta taratibu ili virefuke. Vilikatika. Alipokivuta kimoja kwa nguvu na kwa ghafla, kilirefuka mara kadhaa bila kukatika, na ndani yake yakabaki matundu madogo mno. Kwa maelezo ya kampuni yake, kila tundu ni dogo mara 20,000 kuliko tone la maji, na kubwa mara 700 kuliko molekuli ya mvuke. Tone linazuiwa, mvuke unapita. Leo wapo watengenezaji wengine wanaotumia poliurethani badala ya PTFE, lakini lengo ni hilohilo.

Sasa tuje kwenye jina. Lugha za Ulaya zililichukua neno membreni kutoka Kilatini, membrana, yaani ngozi nyembamba. Kiswahili kina maneno mawili yanayoshindania nafasi hiyo. La kwanza ni utando, kutokana na kutanda: utando wa buibui, utando unaojikusanya juu ya maziwa yaliyochemka. La pili ni kiwambo, kutokana na kuwamba: kuivuta ngozi mpaka ikaze juu ya mzinga wa ngoma. Ndilo lililotupatia kiwambo cha sikio na kiwamboute kinachofunika sehemu za ndani za pua na mdomo.

Utando hujitanda wenyewe, na ukiugusa unachanika. Kiwambo huwambwa na mtu, kwa nguvu na kwa makusudi, ili kifanye kazi fulani. Alichokifanya Gore kwa kile kijiti ni kuwamba. Neno hili lina asili ya ngozi kama lile la Kilatini, na linaeleza pia jinsi kitu chenyewe kilivyotengenezwa. Utando ubaki kwenye biolojia ya seli, ambako umekwisha kuzoeleka. Kwenye mavazi, kiwambo kinafaa zaidi.

Kuna maneno mengine ya kunyoosha hapohapo. Mara nyingi tunasoma “glavu zisizopenya maji”. Kinachopenya ni maji, wala si glavu, kwa hiyo tuseme “zisizopitisha maji”. Na tuzitenge na “zinazostahimili maji”, ambazo ganda lake limepakwa dawa ya kufanya matone yateleze, bila kiwambo chochote ndani. Hizo huvumilia manyunyu ya safari fupi, kisha hulowa. Anayenunua za kundi la pili akidhani amepata za kundi la kwanza atagundua tofauti akiwa barabarani, na hapo vidole vimeshaganda.

Tukishakuwa na jina, tunaweza kuuliza maswali yanayofaa dukani. La kwanza: kiwambo kipo? La pili: kimeshikizwa wapi? Katika glavu nyingi kiwambo ni mfuko wenye umbo la mkono, umening'inizwa kati ya ganda na bitana na kushikizwa kwenye ncha za vidole. Katika nyingine kimegandishwa moja kwa moja kwenye ganda au bitana. Ukiwa na glavu ya mfuko ulioshikizwa vibaya, chomoa mkono wenye unyevu haraka uone: bitana inatoka na vidole vyako, inapinduka, na kuirudisha ndani kando ya barabara ni kazi ya kukatisha tamaa. Jaribu hilo kabla ya kulipa. Lowesha vidole kidogo, vaa, kunja ngumi mara kadhaa, kisha vua kwa kuvuta ncha za vidole. Bitana ikitulia mahali pake, kazi imefanywa vizuri. Kiwambo kilichogandishwa kina faida nyingine: matabaka hayatelezi moja juu ya jingine, na kidole kinaihisi klachi vizuri.

Kwa wanawake swali la tatu lina uzito wa pekee: je, glavu imekatwa kwa mkono wangu? Glavu nyingi zilibuniwa kwa mkono wa mwanamume na kupunguzwa tu. Mkono wa mwanamke kwa kawaida una kiganja chembamba zaidi, kwa hiyo glavu ya kiume inayotosha urefu wa vidole huacha nafasi kubwa kiganjani, na ile inayobana kiganja vizuri huwa fupi vidoleni. Pima mzunguko wa kiganja chini ya vifundo vya vidole, bila kidole gumba. Katika vipimo vya Ulaya, namba 7 ni mzunguko wa milimita 178 na urefu wa mkono wa milimita 171. Shika usukani, au nyoosha mikono kama unayeushika, kwa sababu glavu inayotosha mkono ukiwa umenyooka huweza kubana vidole vikikunjwa. Acha nafasi ndogo kwenye ncha. Glavu inayobana hukandamiza nyuzi za joto na kupunguza mzunguko wa damu, na hapo unene wake wote hauna faida.

Suala la joto nalo lisichukuliwe kijuujuu. Watafiti wa Utah, katika matokeo yaliyochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 1998, walikuta mikono ya wanawake ni baridi kuliko ya wanaume kwa takribani nyuzi 1.5 za Selsiasi, ingawa joto la ndani ya miili yao halikuwa chini. Ugonjwa wa Raynaud, unaofanya mishipa ya vidole ijibane kwenye baridi mpaka vidole viwe vyeupe, nao huwapata wanawake zaidi. Mwanamke anayesema “mikono yangu inaganda” haidekezi nafsi yake, na muuzaji anayemjibu kwamba glavu yoyote nene itamfaa hajamsikiliza. Unene uwe zaidi mgongoni mwa mkono, unaopigwa na upepo, na upungue kiganjani ili usukani ushikike. Kama pikipiki ina mishikio yenye hita, kiganja kinene kitazuia joto hilo lisifike.

Hapa istilahi inasaidia tena, kwa sababu inatenga kazi ya kila tabaka. Kiwambo huzuia maji. Nyuzi huhifadhi joto. Ganda la ngozi likinywa maji kwa saa nzima, mkono huhisi ubaridi na umajimaji hata kama bitana ni kavu. Wengi hudai glavu imevuja. Kabla ya kuirudisha dukani, ingiza ndani karatasi laini kavu na uitoe: ikiwa kavu, kiwambo ni kizima, na kinachohitajika ni kulipaka ganda dawa ya kuzuia maji upya. Usiikaushe glavu juu ya hita ya ukutani, maana ngozi hukakamaa.

Mwisho wa ukaguzi ni lebo. Glavu za pikipiki Ulaya hupimwa kwa kiwango cha EN 13594, chenye daraja la 1 na la 2, na herufi KP huonyesha kwamba vifundo vya vidole vina kinga iliyopimwa. Daraja hilo linahusu kuanguka. Halikuambii glavu ina joto kiasi gani.

Kwa watafsiri wa lebo, wauzaji na watunga kamusi, napendekeza maelezo haya: kiwambo (vi-), tabaka jembamba lililowambwa kati ya ganda na bitana ya vazi, lisilopitisha maji lakini linalopitisha mvuke wa jasho. Mwanamke akilikuta neno hilo kwenye lebo, atajua cha kumuuliza muuzaji, na muuzaji hatakuwa na pa kujifichia.