Maji, Upepo na Mkanda: Historia ya Kupoza Injini Mjini Kalemie

Mji wa Kalemie, ulioitwa Albertville wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, umejengwa pale ambapo mto Lukuga unatoka Ziwa Tanganyika na kuelekea Lualaba, kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni miji michache yenye maji mengi kiasi hicho mlangoni pake, na hata hivyo historia ya mitambo yake, tangu garimoshi la kwanza hadi gari la leo, kwa kiasi kikubwa ni historia ya shida ya kupata maji mahali yanapotakiwa na kwa wakati yanapotakiwa.

Reli ya kampuni ya CFL kutoka Kabalo, yenye urefu wa kilomita 273, ilifika ziwani mwaka 1915. Katika injini ya mvuke maji hayakuwa kipozeo bali yalikuwa mfano wa chakula: yalichemshwa makusudi, yakasukuma pistoni, kisha yakapotelea hewani, ndiyo maana kila safari ilipimwa kwa vituo vya kujazia tangi. Mwishoni mwa mwaka huohuo ziliwasili kwa reli hiyo boti mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizokuwa zimevutwa kuvuka milima ya Mitumba kwa matrekta ya mvuke na kwa ng'ombe, katika njia ambayo uhaba wa maji ya kulisha matrekta ulikuwa adha kubwa. Injini za boti zenyewe, ambazo zilitumia petroli, zilihitaji maji kwa sababu nyingine kabisa, yaani kuondoa joto ambalo uchomaji wa mafuta ndani ya silinda huliacha kwenye chuma. Zilipoteremshwa ziwani Desemba 1915 shida hiyo ilikwisha, kwani boti ya injini hupozwa na maji inamoelea. Siku chache baadaye, tarehe 26 Desemba, Waingereza waliiteka meli ya Wajerumani iliyoitwa Kingani.

Gari halina ziwa la kuelea, hivyo hulazimika kubeba dimbwi lake. Karl Benz, katika gari lake la mwaka 1886, aliacha maji yachemke na kupotea kama ya garimoshi, na dereva akaongeza mengine njiani. Hatua kubwa ilipigwa mwanzoni mwa karne ya 20, Wilhelm Maybach alipoitengenezea Mercedes rejeta ya vitundu vingi vidogo kama sega la asali, yenye feni nyuma yake, ambayo iliyawezesha maji yaleyale kupoa na kurudi kazini. Mafundi wa Kongo huiita rejeta hiyo radiatere, kwa kufuata Kifaransa. Si kila gari lilikuwa na pampu: Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, kwa karibu miaka yake yote ilitegemea tabia ya maji ya moto kupanda na ya baridi kushuka, utaratibu mzuri kwa gari jepesi lakini dhaifu kwa lori lenye shehena. Baadaye pampu ya maji, yaani gurudumu dogo lenye mapezi linalosukuma maji kati ya injini na rejeta, ikawa kifaa cha kawaida, nayo pamoja na feni ikazungushwa na mkanda uliofungwa kwenye mhimili mkuu wa injini.

Mkanda huo ndio uliokuwa msaada na kasoro kwa pamoja. Feni iliyofungwa kwenye injini huenda kasi injini iendapo kasi, na hupunguza mwendo injini ipunguzapo. Katika barabara ya lami jambo hilo halina madhara, kwa kuwa upepo wa mwendo wenyewe unatosha kupoza rejeta, lakini katika njia za mchanga, matope na miinuko zinazotoka Kalemie kuelekea Moba au Nyunzu, gari hutambaa likiwa na mzigo mzito, upepo wa mbele hakuna, na feni nayo imelegea. Hapo ndipo gari huchemsha. Katika kimo cha Kalemie maji yaliyo wazi huchemka yakifika nyuzijoto 97 hivi, na kifuniko cha rejeta, ambacho watu wengi hukidhania kuwa kizibo tu, kazi yake ni kuyabana ili yasichemke hadi karibu nyuzijoto 120. Kifuniko kilicholegea huweza kuliangusha gari zima.

Ziwa nalo lina hila zake. Maji ya Tanganyika yana uchungu wa magadi, kwa maana kwamba ni ya alkali, yakiwa na magnesi na chumvi nyingine nyingi zilizoyeyuka, na yakichemshwa mara kwa mara huacha ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Dereva anayejaza rejeta kwa dumu lililochotwa ufukoni anatatua shida ya leo kwa kukopa ya mwakani, kwani ukoko huziba mirija myembamba na kuzuia joto lisitoke.

Feni ya umeme iliukata uhusiano kati ya mwendo wa injini na upepo. Fiat 128 ya mwaka 1969, ambayo injini yake ililazwa kukingama na hivyo isingeweza kuielekezea rejeta ya mbele feni ya mkanda, ilitumia feni yenye mota yake na swichi ya joto. Mpango huo ukaenea katika magari madogo, na kwa njia ya mitumba ya Kijapani ukafika Afrika Mashariki na Kongo. Kwa barabara mbovu faida yake ni kubwa kuliko kwa nzuri: huvuma kwa nguvu ileile gari likiwa limesimama, na inaweza kuzimwa kabla ya kuvuka kijito, ambapo feni ya mkanda hurusha maji juu ya nyaya. Ubaya wake ni kutegemea betri, rilei na kitambuzi cha joto. Kitambuzi kikifa, mafundi wengi huunganisha feni moja kwa moja na swichi ya gari, suluhisho linalokubalika. Wanaoondoa thamostati, yaani mlango unaozuia maji yasizunguke kabla injini haijapata joto, hufanya jambo baya zaidi, kwani injini baridi hula mafuta na huchakaa mapema.

Pampu ya maji ilichelewa kufuata. BMW iliitumia ya umeme katika injini yake ya N52 kuanzia mwaka 2004, na Toyota Prius ya mwaka 2009 ikaachana na mikanda ya nje ya injini kabisa. Pampu ya aina hiyo inaweza kuendelea kuzungusha maji hata injini ikiwa imezimwa, jambo ambalo madereva wa malori walikuwa wakilifanya kwa njia yao kwa miaka mingi: baada ya kupanda mlima huacha injini ikinguruma polepole, gari likiwa limeelekezwa kwenye upepo, ndipo huzima.