Nishani ya Mwaka 1874 na Maana ya Uaminifu

Mintarafu ya historia ya upwa wetu wa Afrika ya Mashariki, wanazuoni wamezoea kuchunguza hati, magofu na tenzi. Katika sehemu hii ya mhadhara ninaomba tuchunguze nishani. Mwaka 1874, Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kiliamuru zitengenezwe nishani za madini ya fedha zipatazo 60, kwa ajili ya Waafrika walioubeba mwili wa David Livingstone hadi pwani. Kila nishani ilichongwa jina la mwenyewe. Sifa iliyoandikwa juu yake ni maneno manne ya Kiingereza: "Faithful to the End". Hoja yangu ni kwamba sifa hiyo inadhihirisha nusu ya tendo lililoadhimishwa na kuificha nusu ya pili.

Tuanze na tendo lenyewe. Livingstone alifariki mwanzoni mwa mwezi Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, kusini mwa ziwa Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia. Hapakuwa na Mzungu yeyote wa kutoa amri. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao walifanya shauri, wakauzika moyo wake chini ya mti, wakautia mwili chumvi na kuukausha juani. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Nasik huko Bara Hindi, alisoma sala za maziko na kuchonga maandishi kwenye mti huo. Kisha wakaushika mwendo wa miezi mingi.

Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, kiongozi wa msafara uliotumwa na Chama kile kile cha Jiografia kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa. Mbele ya safari, wenyeji walipopinga maiti isipitishwe katika nchi yao, wasafiri walitengeneza mzigo wa uongo, wakajifanya wanaurudisha Unyanyembe kwenda kuuzika, na mwili wa kweli wakaufunga upya mfano wa robota la nguo. Mwezi Februari 1874 wakawasili Bagamoyo.

Hapa ndipo penye kitendawili cha nishani yetu. Lau watu hawa wangalikuwa watiifu tu, wangalimsikiliza mjumbe wa Chama, na Chama kisingalikuwa na tendo la kuadhimisha. Walilotunukiwa kwa jina la uaminifu lilikuwa pia uamuzi, uongozi, werevu na uthabiti wa kusema hapana.

Sasa tuigeukie lugha. Neno la Kiingereza lililotumika halibainishi umoja wala wingi. Mfasiri wa Kiswahili hana budi kuchagua: "mwaminifu", yaani mtu mmoja ambaye jina lake limechongwa, au "waaminifu", yaani jamii iliyoshauriana na kutenda kwa pamoja. Historia ya safari inatuelekeza kwenye wingi. Aidha, "mwaminifu" lina asili ya Kiarabu, na ni ndugu wa "imani", "amani" na "amana". Amana ni kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu anayeaminiwa, naye hupimwa kwa namna alivyokitunza na kukifikisha kwa wanaostahiki. Mwenye amana si mtumwa wa amri. Hulazimika kuamua, na pengine kumkatalia hata mkubwa, ili amana isipotee.

Neno "nishani" nalo, lenye asili ya Kiajemi, maana yake ya awali ni alama. Alama humfaa anayeiona. Baada ya kulipwa ujira wao, wengi wa watu hawa walitawanyika. Baadhi walikuwa wamekwisha kuingia katika msafara wa Henry Morton Stanley, ulioondoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874. Wainwright aliusindikiza mwili hadi Uingereza, akahudhuria maziko ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika huko baada ya maziko, wakamsaidia Horace Waller kuzifafanua shajara za mwisho za Livingstone. Kwa hiyo hata kitabu kilichomtukuza bwana wao kinategemea ushahidi wao.

Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, na Susi akafariki huko huko mwaka 1891. Nishani hii imewahifadhi watu ambao aghalabu vitabu vya zama zile viliwaita wapagazi tu, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo, wajibu wa mwanahistoria si kuisoma kwa macho ya waliotoa peke yao. Tunapowafundisha wanafunzi wetu habari zake, tuseme kwamba ilitolewa kwa sababu ya uaminifu, kisha tuueleze uaminifu huo kama Kiswahili kinavyouelewa: watu waliojitwika amana, wakaamua wenyewe njia ya kuifikisha, na wakaifikisha.